Dishi Lisiloyumba: Mwongozo wa Mbagala hadi Bunju

Ukikaa Chamazi, jirani na uwanja wa Azam Complex, unaweza kulisikia goli kwa masikio yako huku runinga ikikuandikia kwamba hakuna mawimbi. Picha ya goli hilo imepanda kwenye setilaiti na kushuka, safari inayozidi kilomita 70,000, ikaishia juu ya bati lako kwa sababu ya nati iliyolegea. Ndugu yangu, nati hukazwa.

Kwanza, acha kumpandisha kijana juu ya paa mvua ikinyesha. Mvua kubwa hunyonya mawimbi, na ikikatika picha hurudi yenyewe. Hairudi pale kijana anapokuwa ameshalizungusha dishi, huku wewe dirishani ukipiga kelele, "Rudisha! Umepitiliza!"

Setilaiti inayorusha Azam TV iko digrii 7 mashariki. Dar es Salaam iko karibu na 39. Ndiyo maana dishi hutazama magharibi, kaskazini kidogo, likiwa limeinuliwa kama digrii 52. Kukosea digrii moja hapa ni kukosea zaidi ya kilomita 600 kule juu. Mwindaji hupiga risasi za majaribio kabla ya kuingia porini, ajue kama darubini ya bunduki haijahama kwa mshtuko wa risasi. Dishi nalo lijaribiwe.

Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, mwenzako asome asilimia ya ubora. Sukuma ukingo wa dishi taratibu kwa vidole, kulia kisha kushoto. Ubora ushuke pande zote mbili, na ukiachia urudi palepale. Ukipanda upande mmoja, dishi halijalengwa sawasawa. Usiporudi, kuna kitu kinacheza. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, mkiangalia asilimia, maana kukaza kwenyewe hulisogeza dishi. Kisha chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, kutoka kwenye bomba hadi kwenye kishikizo. Mstari ukikatika, dishi limehama.

Fundi akitaka kulifunga kwenye ubao wa paa, mkatalie. Ubao hupinda kwa jua na mvua, na upepo wa kusi hulisukuma dishi miezi mfululizo. Lifungwe kwenye ukuta imara, bomba likiwa wima kwa timazi. Na usimlipe fundi kabla hujalisukuma kwa vidole vyako mwenyewe.