Sifa za Fimbo Isiyomdhuru Samaki

Naomba nisimame mbele yenu niisifu fimbo ya kuvulia samaki iliyolala barazani kwangu hapa Tanga, juu ya viti viwili, ikingoja gundi ishike. Ni ya faiba, ya zamani. Iliingia nchini na marobota ya mitumba ikiwa imekatika juu kidogo ya kiungo, mpini umeliwa na panya, vipete vya kupitishia mshipi vimeota kutu. Tangu niilete nyumbani naiunda upya, na kadiri ninavyoiunda ndivyo ninavyozidi kuiheshimu.

Sifa ndogondogo nizitaje haraka, muda hautoshi. Inaangusha maembe. Inafukuza kunguru. Imeinua uchumi wa mtaa, maana uzi wa nailoni wa fundi cherehani umehamia kwangu. Na kila apitaye njia husimama kutoa ushauri, hata wasiojua kuogelea.

Sifa kuu ni uhifadhi wa bahari. Fimbo hii haijawahi kumdhuru samaki. Sisemi inavua kwa kiasi, au inachagua wakubwa ikawaachia wadogo, kama tunavyoelekezwa. Nasema haivui. Changu hupita chini yake na ukoo mzima. Bunju humla kamba niliyemtunga, taratibu, akaniachia ndoana safi. Mafia wana hifadhi ya bahari tangu 1995, na sisi Tanga tuna ya silikanti tangu 2009. Silikanti mnamjua: wataalamu walimhesabu kuwa alitoweka pamoja na madinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Amevuka yote hayo, kisha akaja kunaswa na jarife la Tanga, na hakunaswa mmoja wala wawili. Sasa pigeni hesabu. Lau kila mvuvi wa mwambao huu angeweka jarife chini akashika fimbo kama yangu, silikanti angelala pangoni mwake miaka milioni 66 mingine bila kugutushwa. Hapatakiwi maboya, wala boti ya doria, wala bango. Inatakiwa gundi ya mirija miwili.

Niwaeleze uhifadhi huu unavyotengenezwa. Mahali palipokatika nimechomeka kipande cha fimbo nyingine, nikakipiga msasa mpaka kikaingia bila kucheza. Vumbi la faiba linawasha. Linaingia kwenye mikunjo ya mkono, na usiku kucha unajikuna huku mwenzako kitandani akiuliza kama hiyo fimbo ina chawa. Lowesha msasa kwa maji, funga kitambaa puani. Mpini wa awali ulikuwa wa gome la mti, lile wanalozibia chupa za mvinyo, linalotoka sana Ureno. Wangu ni wa kandambili zilizookotwa ufukweni, zimekatwa miduara, zikatobolewa katikati na kubandikwa moja juu ya moja, buluu kwa waridi.

Kazi yenyewe iko kwenye vipete. Kimoja kilionekana kizima, na duara lake la kauri linang'aa, lakini ukipitisha pamba inanasa: kuna ufa ambao jicho haliuoni, na ufa huo ndio hukata mshipi siku mkubwa anapovuta. Fundi mwingine angekitupa. Mimi nimekirudisha palepale, samaki naye apewe nafasi ya pili. Vingine nimevikunja kwa waya wa spoki, nikiuzungusha kwenye msumari. Miguu ya kipete huchongwa kwa tupa mpaka iwe myembamba nchani, ili uzi upande bila kuruka. Uzi unaanza kwa kuilalia ncha yake wenyewe, kisha unazungusha fimbo, si uzi. Uzi unapita katikati ya kurasa za kitabu kizito ili ukaze. Mimi natumia mwongozo wa uvuvi endelevu niliogawiwa kwenye semina. Ni kitabu kizuri sana, kina kilo yake.

Halafu gundi. Sehemu mbili sawasawa, ikorogwe polepole isishike mapovu, na fimbo igeuzwe bila kuchoka mpaka gundi itulie, la sivyo inateremka upande wa chini na kuota kitambi. Kwa joto la Februari gundi haisubiri mtu. Unageuka kumwitikia shemeji aliyepiga hodi, ukirudi imekuwa jiwe kikombeni, na kikombe kinaunguza. Naye shemeji, badala ya pole: "Si ungenunua tu samaki sokoni?" Ningenunua, shemeji! Kwa hela gani? Changu wa saizi ya kiganja siku hizi anauliziwa bei kwa sauti ya chini, na wale wakubwa hatuwaoni, wanapakiwa kwenye barafu kabla hatujaamka.

Nisamehewe, narudi kwenye sifa. Nilikuwa kwenye kitabu. Nilikipata hotelini, kwenye semina ya wadau, ambako mchana tuliletewa wali na chewa mmoja mzito, tumboni ana mayai. Mtoa mada alituonyesha picha za matumbawe yaliyopasuliwa na baruti. Mtu wa Tanga hahitaji picha. Kwa miaka mingi tumesikia mlipuko tukiwa kwenye chai ya asubuhi, nayo sheria ya kuukataza ipo siku zote hizo. Mlipuko mmoja unamaliza mzazi, mtoto na nyumba yao. Mlipuaji hakuwamo ukumbini. Waliokuwamo ni wazee wa mshipi na ndoana, mtu na chubwi yake, ambao hawajawahi kuvunja hata kijiti cha tumbawe, wakihimizwa wabadili mtazamo. Mmoja aliuliza baruti inapita wapi kufika baharini. Akaambiwa swali ni zuri, litajibiwa baada ya mapumziko. Baada ya mapumziko kulikuwa na posho, fulana na picha ya pamoja.

Nikatoka pale nimeazimia kuwa raia mwema, nikaenda kuikatia fimbo leseni. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake. "Shikamoo mzee. Chombo?" Sina chombo, nasimama gatini. Zana? Kwenye orodha kulikuwa na nyavu, jarife, dema, mshipi. Fimbo haimo, akaweka mshipi. "Unapata kilo ngapi kwa siku?" Nikamwambia ukweli: hakuna.

"Mzee, mfumo haukubali sifuri."

Akaandika tano. Nikalipa, nikapewa risiti. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu: nimo kwenye orodha ya semina nyingine, na mada yake ni namna ya kupunguza mavuno.