Barua ya Wazi kwa Wazee Wanaolinda Madhabahu dhidi ya Singeli

Waheshimiwa wazee wa kanisa,

Nawapongeza kwa kazi nzito ya kupima mapigo ya ngoma na kuyatenga, haya ya mbinguni, haya ya disko. Sebene, singeli na amapiano mmezifungia nje kwa kuwa zilizaliwa baa na kwenye vigodoro. Hoja ni nzuri, ila ina njaa: mkiiachia, itakula na kitabu chenu cha nyimbo.

Mchukueni Hans Leo Hassler wa Nuremberg. Mwaka 1601 alichapisha wimbo wa kijana aliyevurugwa akili na mapenzi ya binti. Kufikia 1613 tuni yake ilikuwa imeshavishwa maneno ya kanisa, na leo Walutheri huiimba Ijumaa Kuu, wamefumba macho, wakikitazama kichwa cha Bwana kilichojaa damu. Karantini ya miaka 12 ilitosha. Singeli ya Manzese imeshaipita miaka hiyo, na sebene ni bibi yake. Naomba basi mzipe cheti. Au hutakaswa tu mapenzi yaliyoimbwa kwa Kijerumani? Wakatoliki nao wasicheke. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza kanisani piano, ngoma, na wanawake katika kwaya. Mwaka 1988 Roma hiyohiyo iliidhinisha misa ya Zaire, ambamo watumishi huizunguka altare kwa mwendo wa kucheza. Kama mapigo yana dhambi ya asili, yalibatizwa lini?

Mtasema mwili una kumbukumbu: kijana akisikia mdundo wa Jumamosi usiku atawaza ya Jumamosi usiku, na Paulo alituonya tusimkwaze ndugu aliye dhaifu. Ni kweli. Lakini kumbukumbu hiyo ni ya msikilizaji, si ya ngoma. Mtoto aliyeanza kuisikia sebene kwenye kwaya atakumbuka kwaya. (Mikali, aliyemdharau Daudi kwa kucheza mbele ya sanduku la Agano, angewafaa sana kama katibu.)

Hoja yenye uzito hamjaitaja: spika zinazozima sauti za washarika, na waumini waliogeuzwa watazamaji wenye simu mkononi. Hapo tuko pamoja. Ila kwaya ya sauti nne inayowaketisha watu kimya ibada nzima ina kosa lilelile, hata ikivaa majoho. Acheni basi kupima mdundo. Pimeni maneno, kisha sikilizeni kama watu wanaimba. Wimbo unaowanyamazisha utolewe, uwe wa Manzese au wa Nuremberg.

Ndimi msharika wenu.