Heko Mafua

Kila kitu duniani kimepata wa kukisifu isipokuwa mafua. Mnazi umetungiwa mashairi, jahazi limeimbiwa, hata punda ana watu wa kumtetea. Mafua hutajwa kwa uso uliokunjwa, na mwenye nayo huomba radhi kana kwamba kaiba kitu. Leo nimesimama kuyatetea. Ushahidi wangu nautoa Kroatia, nchi niliyoipita kwa basi kutoka Zagreb hadi Dubrovnik, mafua yakiwa upande mmoja na dada yangu upande wa pili. Dada ni muuguzi, anaishi Ujerumani, na safari yote alikuwa ameipanga kwenye daftari, saa kwa saa. Kati ya wenzangu hao wawili, mafua ndiyo yaliyokuwa mapole.

Sifa njema huanza na nasaba. Mafua si mtoto wa juzi, wala ukoo wake si mdogo: virusi vya rhino, vinavyoleta mafua mengi kuliko vingine, vina aina zaidi ya 150, ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo iliyoyaweza. Tena ni ukoo usiojua mipaka. Mimi kabla ya kukanyaga Ulaya nilidaiwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima, na picha ya mtu asiyecheka. Mafua yalipanda basi Munich bila karatasi hata moja, yakakaa kiti cha nyuma yangu, yakapiga chafya. Kroatia iliingia eneo la Schengen na kuanza kutumia yuro siku moja, tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza yangu ya Ujerumani ilitosha. Ila mimi niliilipia.

Watu wakisikia niliugua huko hunipa pole: masikini, kwenda pwani nzuri vile ukaishia kitandani! Nazipokea kwa adabu, lakini hawajui historia ya pwani ile. Wagonjwa ndio walioifungua. Kisiwani Hvar, mwaka 1868, wenyeji waliunda jumuiya ya afya ili wapokee wageni waliokuja kutafuta hewa safi. Opatija ilitangazwa rasmi kuwa mahali pa matibabu kwa hali ya hewa mwaka 1889, na Lošinj ikafuata mwaka 1892, enzi za Austria-Hungaria. Walioshuka kwenye treni na meli walikuwa wakohozi wa tabaka la juu, wamevaa makoti na skafu, wakitembezwa taratibu ufukweni. Wa kuogelea na kujianika juani walikuja baadaye, wakakuta hoteli zimeshajengwa. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya Adriatiki na leso mkononi, nilikuwa natunza mila.

Hata umeme wa nyumbani kwako una deni huko. Barabara kuu ya kutoka Zagreb kwenda pwani hupita eneo la Lika, karibu na kijiji cha Smiljan, alikozaliwa Nikola Tesla mwaka 1856. Baba yake, kasisi wa Kiorthodoksi, alitaka mwanawe naye avae joho. Mwaka 1873 kijana akapatwa na kipindupindu, akalala miezi tisa, mara kadhaa akakaribia kufa, na mzee kwa uchungu akaahidi kwamba akipona atampeleka chuo cha uhandisi. Alipona. Bila ugonjwa ule parokia moja ingepata kasisi asiyelala usiku, na sisi tungengoja mkondo geu kwa fundi mwingine. Kipindupindu chenyewe sikisifu, Mungu atuepushe nacho. Naonyesha tu ubabe wa ugonjwa: ulivunja neno la mzee wa Kilika, kazi ambayo akili za mwanawe hazikuiweza.

Nchi yenyewe humtambua mgonjwa mapema. Zagreb tuliingia mkahawani, nikaagiza chai. Mhudumu akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama naumwa. Huko kinywaji cha mtu mzima ni kahawa, ataikalia kikombe kimoja saa nzima na rafiki zake. Chai huletewa asiyejiweza, na aghalabu ni maji moto yenye mfuko wa majani ya dawa. Nimekulia Tanga, kwenye chai ya asubuhi, ya saa nne na ya alasiri. Kwa kipimo cha yule mhudumu, Afrika Mashariki nzima iko wodini.

Zadar ndipo mafua yalipotupatia mama wa pili. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Alinikuta pekupeku juu ya sakafu ya vigae, dirisha wazi mbele yangu na mlango wazi nyuma yangu. Akapiga ukelele wa neno moja: propuh! Ndio upepo unaokatiza kati ya dirisha na mlango, na watu wa huko huusingizia kila kitu, kuanzia mafua na shingo iliyokaza hadi jino linalouma. Dada akajivuta aanze somo la virusi. Kabla hajafika popote bibi alikuwa ameshafunga dirisha, amenitupia sapatu za sufu, ameweka maji jikoni.

Alirudi na kikombe cha kadulja, mmea wa majani ya kijivu unaoota kwenye mawe ya vilima vya Dalmatia, mchungu kidogo, umetiwa asali na limau. Pembeni ya kikombe kulikuwa na kibilauri cha rakija, pombe yao kali ya matunda. Dada, kwa sauti ya kazini, akauliza ni ya kunywa au ya kuchua. Bibi hakujua Kijerumani kingi. Alionyesha kifua changu kwa kidole, kisha akaonyesha koo lake mwenyewe.

Jioni ile Mama akapiga simu ya video. Dada akageuza kamera haraka kwenye bahari: “Mama, ona jua linavyozama!” Nikakohoa. Kimya kidogo, kisha sauti kutoka Tanga: “Nani huyo? Mwanangu umemlaza wapi? Dirisha limefungwa?” Mama akaamuru tangawizi, akaamuru nijifukize, akataka kujua nani ananikanda kifua. Mama na bibi wa Zadar wakaungana kunitibu bila kufahamiana, na stashahada ya Dada ikakosa mteja. Afya njema haijawahi kuleta mapatano ya haraka namna hiyo kati ya Waafrika na Wazungu.

Mjini humo kuna kinanda cha bahari, kazi ya msanifu majengo Nikola Bašić ya mwaka 2005. Chini ya ngazi za mawe zinazoshuka majini yamelazwa mabomba 35. Wimbi likiingia husukuma hewa, hewa hutoka kwenye matundu ikilia. Watalii walikaa kimya kusikiliza. Masikio yangu yalikuwa yameziba, kwa hiyo nilizisikia zile sauti nene tu, lakini kifuani mwangu hewa ilikuwa inapita majini vilevile na kulia vilevile. Wenzangu walikuja kusikiliza kinanda kimoja, mimi nilikuwa na viwili.

Split, nikiwa nimezoea mambo ya kwetu, niliingia duka la dawa nikaomba azithromycin kama mtu anayeomba chumvi. Mfamasia akataka cheti cha daktari, akaongeza kwa upole kwamba dawa hiyo huua bakteria, na mafua ni virusi. Nikatoka nimenyimwa dawa ya Kroatia nikiwa Kroatia, maana azithromycin iligunduliwa na wanakemia wa kampuni ya Pliva mjini Zagreb mwaka 1980. Vijijini Tanzania wazee wanaijua bila kulijua jina lake: ndiyo inayogawiwa bure kupambana na trakoma tangu mwisho wa miaka ya 1990, na imewanusuru wengi na upofu. Badala yake nikauziwa chupa ndogo ya kupulizia puani, ndani yake maji ya bahari yaliyosafishwa. Nikasoma kibandiko: Adriatiki. Dada siku ile aliiogelea bahari bure. Mimi niliilipia, nikaivuta puani.

Nilipumzika ndani ya kasri la Diocletian, mahali pazuri kwa hali yangu. Mtawala huyo wa Roma aliugua vibaya mwaka 304, na tarehe 1 Mei 305 akaachia madaraka kwa hiari yake, jambo ambalo watawala wenye afya hawana mazoea nalo. Akaenda kukaa katika kasri alilojijengea ufukweni, karibu na Salona. Walipomfuata baadaye arudi kutawala, inasimuliwa, aliwaambia wangeziona kabichi alizozipanda kwa mkono wake wasingesema hivyo. Leo ndani ya kuta zile kuna maduka, baa, kanisa kuu, na kamba za nguo zinazopepea juu ya vichwa vya watalii. Katikati ya jiji lote la Split ni nyumba ya mtu aliyekuwa likizo ya ugonjwa. Kama kuna ikulu za leo zingefaidika na mafua makali kidogo, sizitaji.

Sasa nifike kwenye tendo kubwa la mafua, linalozidi makasri. Ndugu wakikaa mbali miaka mingi huanza kuheshimiana, na hilo ni baya. Tangu Dada ahamie Ujerumani tulikuwa tumegeuka watu wa simu za sikukuu: hujambo, sijambo, kazi vipi, wasalimie. Siku za kwanza za safari alilipa kila kitu na mimi nikashukuru kila kitu. Asante Dada kwa kahawa, asante Dada kwa tiketi. Tulipokuwa wadogo mimi na yeye tuligombania mfupa wa kuku mpaka Mama akaingia na mwiko.

Mafua yakautibu ugonjwa huo. Nilipokohoa tu, yule mgeni mpole aliondoka akarudi dada yangu. “Funga zipu. Meza. Nani kakwambia ukae kwenye baridi? We mtoto husikii tangu umezaliwa.” Masikio yangu yaliyoziba yakayapokea maneno hayo kama nasheed. Alikwenda sokoni nyuma ya ukuta wa kasri, akarudi na kuku, karoti na limau, akapika supu kwenye jiko la chumba, ya pilipili manga nyingi kama ya nyumbani. Sikuonja ladha hata chembe. Nilimwambia chumvi imezidi, akaninyang'anya bakuli, tukagombana vizuri mpaka saa sita usiku, tukafika kwenye mambo ya marehemu Baba ambayo tusingeyagusa kwa simu.

Kwenye basi la kwenda Dubrovnik nililala begani kwake. Nikapitwa na daraja la Pelješac, lenye urefu wa mita 2,404, lililofunguliwa Julai 2022 ili msafiri asilazimike kukatiza kipande cha pwani ya Bosnia. Dada hakuniamsha. Alingoja tushuke, ndipo akanionyesha bega la koti lake lilivyolowa, akanidai pesa ya dobi.

Dubrovnik alinitangazia karantini, na alikuwa na hoja. Baraza la mji ule ndilo lililoamuru mwaka 1377 kwamba atokaye penye tauni asiingie mpaka amekaa mwezi mzima Cavtat au kwenye kisiwa cha Mrkan. Baadaye yakajengwa majengo ya Lazareti nje ya lango la Ploče, ambayo bado yapo. Basi nikapewa kijiko changu, kikombe changu na taulo langu, nikaachwa kivulini karibu na chemchemi ya Onofrio, ambayo imekuwa ikitoa maji tangu karne ya 15. Dada akapanda kuta za mji, mita 1,940 za ngazi na jua, kwa tiketi ambayo si bei ya karanga. Nilimwona kwa mbali akipita kwenye foleni, nyuma ya watu wa meli za kitalii waliofuata mwavuli ulioinuliwa. Nilijaza chupa, nikanywa, nikasinzia. Alishuka kapinda mgongo, miguu inawaka, akavua viatu, akasema mahali pazuri kuliko pote alipoona kutoka juu ni benchi langu.

Wapinzani watasema mafua huondoa afya, na bila afya hakuna starehe. Nawajibu kwa Mkroatia. Dakta Andrija Štampar ndiye aliyekuwa rais wa Mkutano Mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 1948. Katiba ya shirika hilo, ambayo naye alishiriki kuiandaa, inataka mwenye afya awe amekamilika kimwili, kiakili na kijamii. Kwa sheria hiyo Dada, aliyekuwa halali usiku kwa sababu ratiba imepitwa na maporomoko ya Plitvice, alikuwa mgonjwa kunishinda. Mimi nilipungukiwa pua tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mafua hayashiki jembe, lakini huondoka yenyewe ndani ya wiki na kidogo, na ndiyo sababu naweza kuyasifu. Ugonjwa unaong'ang'ania hauna mzaha, na aliyekaa kando ya kitanda cha mtu asiyepona anajua. Mafua humpa mtu huduma za kitanda kile bila hofu yake: huchukua pua kwa siku chache na kukuachia vingine vyote, akiwemo wa kukufokea.

Dada ameisoma rasimu hii. Anasema aliyepika supu Split hakuwa mafua, aliyelowa bega hakuwa mafua, na kama kuna wa kusifiwa jina lake linajulikana. Nimemjibu kwamba sifa za namna hii ni za vitu vinyonge na sumbufu, kwa hiyo asubiri zamu yake.