Jinsi ya Kuoa Ufalme na Kuupoteza kwa Heshima

Hukuzaliwa mrithi? Usijali. Guy wa Lusignan naye alikuwa mtoto mdogo wa ukoo wa Poitou, Ufaransa, na bado alikalia kiti cha enzi cha Yerusalemu.

Kwanza, chagua ukwe. Mfalme Baldwin wa Nne wa Yerusalemu alikuwa na ukoma, hana mtoto, na dada yake Sibylla alikuwa mjane. Aimery, kaka yake Guy, alikwisha kuzoeleka ikuluni. Mshenga kama huyo utampata wapi? Mwaka 1180 ndoa ikafungwa, na Guy akawa bwana wa Yafa na Askaloni bila kufuta upanga.

Pili, mpende mkeo. Hatua hii usiiruke, maana taji ni lake. Mwaka 1186, Baldwin akiwa amekwisha kufa, wakubwa walikubali Sibylla awe malkia kwa sharti amwache Guy, mradi mume mwingine amchague mwenyewe. Akaridhia. Alipovikwa taji akamchagua Guy yuleyule, akamwita mbele, akamvika taji kwa mikono yake. Wakubwa wakabaki midomo wazi. Mke wa namna hiyo anashinda jeshi.

Tatu, ukitaka kuharibu, haribu usiku. Julai 1187 Guy alipiga kambi Saffuriya, penye chemchemi, na baraza likaamua wasiondoke. Watu wakaenda kulala. Gerard wa Ridefort, mkuu wa Watemplari, wale watawa wapiganaji, akamrudia hemani, akamgeuza nia. Alfajiri jeshi likaingia nyika kavu, na kesho yake likaangamia Hattin kwa kiu na mishale. Mshindi, Sultani Salahuddin, alimpokea Guy, sasa mateka wake, kwa kikombe cha maji baridi. Oktoba Yerusalemu ikasalimu amri. Kwa hiyo, anayekunong'oneza baada ya kikao, mfukuze akalale.

Nne, mwombee mkeo uhai. Guy aliachiliwa, lakini Sibylla na binti zake walifariki mwaka 1190 katika kambi iliyouzingira mji wa Akka, na wakubwa wakamgeukia Isabella, dada yake wa baba mmoja. Guy aling'ang'ania cheo, lakini mwenye cheo alikwisha kuzikwa.

Mwisho, usiondoke mikono mitupu. Mfalme Richard wa Uingereza alikuwa ameteka kisiwa cha Kupro, akawauzia Watemplari, nacho kikawashinda. Guy akakichukua mwaka 1192, akafa 1194. Aimery akakirithi, kisha akamwoa Isabella na kuvikwa taji la Yerusalemu.