Kifuniko Kimeiva

Kijana wa sheli alifungua boneti, akainama, akanyamaza, kisha akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita dereva wa bodaboda. Wa bodaboda akaja na abiria wake. "Bosi," akaniambia yule wa kwanza kwa sauti ya msibani, "hiki kifuniko kimeiva."

Kilikuwa kimeiva kweli. Kifuniko changu cha injini cha kaboni faiba, cheusi, chenye vile vimirabaraba vinavyong'aa, kilichonunuliwa kwa pesa ambayo mke wangu anaamini ilikwenda kwenye bima, kilikuwa kimelala juu ya turbo kama chapati kikaangoni. Ukingo umejikunja, mng'aro umetoka mapovu, na harufu yake iliwafanya waliopanga foleni ya dizeli wapandishe vioo. Abiria wa bodaboda akapiga picha.

Jamaa aliyeniuzia aliniapia: "Kaka, hii ndiyo wanayotengenezea ndege na magari ya Formula 1." Wala hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma. McLaren waliingiza mashindanoni gari lenye chasi ya kaboni tangu 1981. Uzi wenyewe ni wa ajabu: mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi, na umezaliwa motoni, kwenye tanuri lisilo na oksijeni, kwa digrii zaidi ya 1000. Joto la boneti kwake ni mzaha. Lakini uzi peke yake ni kitambaa tu. Kinachousimamisha ni gundi ya epoksi, na gundi hii haiyeyuki; ikifika joto lake inalegea, inaacha ugumu wa kioo inashika ulaini wa mpira. Inategemea ilivyokaushwa. Ile iliyopakwa kwa brashi ikaachwa ikauke yenyewe mara nyingi hulegea kati ya digrii 50 na 80. Iliyookwa kwenye oveni maalumu huvuka 120, na za ndege hufika 180 au zaidi. Ukiziweka mezani, zote zinang'aa sawasawa.

Sasa maji ya rejeta peke yake hukaribia digrii 90, na turbo ikikanyagwa sana huwa nyekundu. Ajabu zaidi, kifuniko hakiteseki sana gari likikimbia. Kinateseka ukishazima. Upepo umekatika, maji yamesimama, feni imenyamaza, na joto lote lililokuwa kwenye chuma linapanda juu taratibu kutafuta pa kukaa. Gordon Murray alipobuni McLaren F1 ya barabarani, sehemu ya injini aliitandika karatasi ya dhahabu ili irudishe joto lilikotoka. Dhahabu! Mimi nilikuwa na stika ya duka.

Hapo kicheko kinaniishia. Mfuko wa saruji umeandikwa 32.5 au 42.5. Tairi lina wiki na mwaka wa kutengenezwa. Balbu ya elfu mbili inakutajia wati zake. Kifuniko cha laki nne hakina namba hata moja, na ukimuuliza muuzaji kinahimili digrii ngapi, anakujibu, "Hii orijino, bosi." Nilipokikata kile kilichoungua, kaboni ilikuwa tabaka moja la juu, chini yake faibaglasi tupu. Ndege niliyoahidiwa ilikuwa boti. Na mtu wa kumlalamikia hayupo, maana risiti imeandikwa "vifaa."

Vifuniko vyangu vya kaboni vya vioo vya pembeni navyo vimegeuka njano kwa jua. Stika ya kaboni ya kwenye boneti ilibaki mikononi mwa muosha magari.

Kile cha plastiki kilichokuja na gari, nilichomgawia fundi kwa dharau, kimepigwa chapa tumboni: PA66-GF30. Yaani nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na nailoni hiyo huyeyuka ikikaribia digrii 260. Fundi bado anacho. Anataka laki na nusu, na hapunguzi, kwa sababu ni orijino.