Marehemu Alikuwa Ananguruma

Asesa wa bima alitangaza kwamba gari langu limekufa, na gari lenyewe lilikuwa linanguruma. Sisemi kwa mafumbo. Aliniomba niwashe injini, nikazungusha ufunguo mara moja tu, IST ikaitika kama ilivyozoea, na redio ikaanza kupiga taarabu. Kijana akainama, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu zote. "Pole sana, mzee. Hili halitengenezeki." Mlinzi wa yadi akavua kofia. Fundi aliyekuwa chini ya Noah ya jirani akajiburuta nje taratibu aje kumwona mfiwa. Nikazima injini mwenyewe, maana sikuona mtu mwingine wa kumfumba macho marehemu.

Ng'ombe naye ana sehemu yake, tena ndiye pekee katika kisa hiki aliyethaminiwa vizuri. Alitoka kichakani jioni, kati ya Chalinze na Msata, nami sikuwa na pa kumkwepea. Mwenyewe alifika kabla sijafungua mkanda. Mbele ya mtendaji wa kijiji akapiga hesabu: bei ya mnadani, maziwa ya mwaka mzima, ndama aliyekuwa tumboni, na ndama ambao huyo wa tumboni naye angekuja kuwazaa. Hakuna aliyetaja uchakavu. Hakuna aliyeuliza ng'ombe ametembea kilomita ngapi. Mtendaji, kwa huruma yake, akanipunguzia wale ndama wa kizazi cha pili; waliobaki nikawalipa. Nyama ikabaki kijijini, wala thamani yake haikutolewa kwenye deni langu. Wakati huo sikujua kwamba hilo ni jambo la kuzingatia.

Gari lilikuwa limeumia bampa, shoo, boneti na taa ya kulia. Rejeta ilirudi nyuma kidogo bila kuvuja, na mifuko miwili ya hewa ilikuwa inaning'inia mbele ya viti. Kwa macho yangu hiyo ni kazi ya fundi bodi mmoja, mpiga rangi mmoja, na subira.

Asesa alinipa shikamoo, nikamwitikia, akaanza kazi. Nilitegemea aende mbele, kwenye jeraha. Akaenda nyuma. Alitumbukiza sarafu kwenye mifereji ya tairi kuona imebaki na kina gani, akapiga picha kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso, akawa anaipitisha juu ya rangi, mlango kwa mlango. Penye bati sumaku inashika. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto ikateleza mpaka chini. "Hapa pana puti, mzee," akasema, akaandika. Puti hiyo niliinunua pamoja na gari. Ng'ombe aligonga mbele kulia. Mlango wa nyuma wa kushoto haukuhusika hata kama shahidi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kijana alikuwa hata hajaanza kukagua ajali. Alikuwa anatafuta gari lilikuwa na thamani gani dakika moja kabla ya ng'ombe, kwa sababu hukumu yote inasimama juu ya tarakimu hiyo.

Ndipo akaja mbele, akafungua boneti kwa taabu, akavuta futi kamba kwa mshazari kutoka boliti ya kulia ya mbele hadi ya kushoto ya nyuma, kisha akarudia kwa upande wa pili. Vipimo vilipishana kwa upana wa kidole.

Upana huo wa kidole ndio ulionimaliza. Magari madogo haya hayana chesisi nene kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na ile mikono miwili iliyobana injini huku na huku imeundwa makusudi ikunjike, ili nguvu ya kugonga iishie pale isimfikie dereva. Wazo ni la Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, na gari la kwanza kuundwa hivyo liliingia sokoni mwaka 1959. Kabla ya hapo magari yalikuwa magumu, na waliokunjika walikuwa watu. Kwa hiyo mkono uliokunjika umetimiza wajibu wake kikamilifu, na malipo yake ni kutupwa. Kuunyoosha kwa moto na nyundo kunawezekana, gereji bubu wananyoosha kila siku ya Mungu, lakini chuma kilichokwisha kukunjwa hakimwahidi mtu kwamba kitakunjika vilevile mara ya pili.

Mifuko ya hewa nayo ni ukoo mzima. Inajaa ndani ya takriban sehemu ya thelathini ya sekunde, kabla mtu hajafika katikati ya neno ng'ombe, na ikishajaa haikunjwi ikarudishwa. Ukiandika mfuko wa dereva kwenye makadirio, umewaita na ndugu zake. Mfuko wa abiria umetokea kwa kupasua dashibodi, basi dashibodi mpya. Mikanda ya viti imejivuta ikajifunga, basi mikanda mipya. Fuatisha vihisio vya mbele, na kontroli boksi ambayo imekwisha kuiweka ajali kwenye kumbukumbu zake. Vitu ambavyo ng'ombe hakuvigusa hata kwa mkia vikala fedha kuliko bampa, boneti na taa kwa pamoja.

Gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni ikaleta makadirio ya shilingi 5,850,000, spea zote mpya. Ongeza VAT ya asilimia 18, unapata 6,903,000. Thamani ya gari kabla ya ajali asesa aliiweka 9,500,000. Mabaki, yaani gari langu kama lilivyosimama pale na taarabu yake, yalipata mtu wa kutoa 4,000,000 kwa zabuni. Sasa kaa kwenye kiti cha kampuni. Ukitengeneza, unatoa karibu milioni 6.9. Ukiua, unamlipa mzee milioni 9.5, unauza maiti kwa milioni nne, umetokwa na milioni tano na nusu. Kifo kina nafuu ya milioni moja na laki nne. Nilipoiona hesabu hiyo nilishangaa kwa dhati, tena kwa kupendezwa, kwa sababu maana yake ni kwamba gari ambalo watu wanaligombea vipande hufa mapema kuliko gari lisilotakiwa na mtu. IST imejaa Dar es Salaam nzima, kila mtu anatafuta mlango wake na taa yake. Inauawa kwa kupendwa.

Wala hawangoji matengenezo yafikie thamani yote ya gari. Mkataba wangu unaweka mstari kwenye asilimia 60, maana fundi akishafungua hukuta mengine ambayo asesa hakuyaona, na yadi nayo inadai hela ya maegesho. Kwa wenzetu mstari unahamahama. Marekani kila jimbo lina wake: Oklahoma ni asilimia 60, Florida 80, Texas 100. Gari lililokufa Oklahoma likivutwa mpaka ng'ambo ya Mto Red huenda likafufuka. Uingereza wana madaraja manne tangu Oktoba 2017: A linasagwa lote, B bodi inasagwa lakini spea zinatolewa, S limeumia mifupa ila linaweza kurudi barabarani, N halijaumia mifupa, hesabu tu ndiyo imelikataa. Langu, kwa uchunguzi wangu, lingekuwa S. Usiku nililala nikilitamani daraja hilo. Mimi nilipewa barua yenye maneno "hasara kamili" na mhuri uliokaa upande.

Hapa kicheko kinanipungua. Gari hilo nililikatia bima kubwa kwa thamani ya milioni 12. Tarakimu hiyo sikuiota. Aliiandika wakala wao kwa mkono wake, nami nikalipa asilimia 3.5, yaani 420,000, pamoja na VAT 495,600. Sasa gawanya 6,903,000 kwa milioni 12. Ni asilimia 57.5. Iko chini ya mstari. Kwa thamani waliyonitoza, gari langu lilikuwa hai na lilistahili fundi. Limekufa kwa thamani ya milioni 9.5, ambako matengenezo ni asilimia 72 na ushee. Faili moja, gari moja, thamani mbili: moja ya kupokelea hela, nyingine ya kutolea.

Nikaenda kuuliza. Dada wa dawati la madai, mpole kweli, akanifungulia kifungu: fidia ni thamani iliyokatiwa bima au thamani ya sokoni siku ya ajali, ile iliyo ndogo. Nikamwuliza, je, ningeandika milioni saba tangu mwanzo nikalipa kidogo? Akafunua ukurasa wa pili: ukikata bima chini ya thamani, fidia inapunguzwa kwa uwiano huohuo. Kwa hiyo ukizidisha umelipia hewa, ukipunguza unakatwa, na tarakimu iliyo sahihi hujulikana ng'ombe akishavuka. Na hilo soko lililosema 9,500,000 lilikuwa karatasi za matangazo ya mtandaoni alizochapa asesa. Moja ilikuwa ya IST isiyo na vioo vya pembeni. Nilipozunguka yadi za Kinondoni kutafuta ya mwaka uleule, hakuna aliyeniambia chini ya milioni 13. Inaonekana ni soko jingine.

Wakakata asilimia 10 ya fidia kama mkataba unavyosema, nikabaki na 8,550,000. Bima yenyewe ikafa pamoja na gari, na hela ya miezi iliyobaki haikurudi.

Mtaani Gerezani fundi mmoja aliziangalia picha kwenye simu yangu kwa muda mfupi mno. "Mzee, hapa nakuwekea kichwa kizima cha IST kilichokatwa Japani, na taa zake. Milioni mbili na nusu, unaondoka nalo." Gari lilikufa kwa bei ya spea mpya, likafufuliwa kwa bei ya mtumba, na tofauti ikaingia mfukoni mwa aliyeshinda zabuni. Ningeweza kulichukua mwenyewe kwa kukatwa hizo milioni nne, lakini kampuni ilisema halitapata tena kwao bima kubwa, ila ile ndogo ya 118,000, ambayo haimtambui ng'ombe.

Tangu hapo balaa zimekuwa zinakuja kwa ufupi. Kioo cha simu kilipasuka, na Kariakoo wakaniambia kioo ni ghali kuliko simu. Friji likafuata, kwa kompresa. Daktari wa meno alinitajia bei ya kutibu mzizi, kisha bei ya kung'oa, akaninyamazia, nikaijua hesabu.

Juzi wakala mwingine alikaa sebuleni kwangu, kalamu mkononi. "Hili gari la sasa tuliandikie thamani gani, mzee?" Nikamwuliza, ya kulipia au ya kulipwa? Akacheka mpaka akaweka soda chini, akamwambia mke wangu kwamba mzee ana utani sana, akaandika milioni 13.