Bunduki Mbili za Marehemu Baba

Katika mirathi aliyotuachia marehemu baba, Mola amrehemu, mlikuwamo bunduki mbili za marisau za namba 12, maana yake risasi 12 za mviringo zenye upana wa mtutu huo, ukizitia mizanini pamoja, hutimia ratili moja. Nayo ni hesabu ambayo ami yangu huwasomea wageni kabla hawajapewa hata kahawa. Ya kwanza, kazi ya Birmingham, ilikuwa na mitutu ya Dameski, iliyotengenezwa kwa fito za chuma na feleji zilizosokotwa na kuunganishwa motoni, hata ukiiinamia juani ukaona mawimbi ya hudhurungi na fedha yakifuatana mpaka mdomoni. Ya pili haikuwa na sifa ila ufa wa kitako.

Nilipokwisha kupata hati ya polisi nikazifunga guniani, nikapanda basi, na abiria, kwa ukarimu ambao sijapata kuuona tena, wakaniachia benchi zima la nyuma. Fundi, ambaye simtaji kwa kuwa tungali tunasalimiana, alichungulia mitutu akiielekeza dirishani, akanionya kwamba ile ya Dameski iliundwa kwa baruti nyeusi ya moshi, na kwamba fataki za siku hizi zaweza kuipasua usoni pangu. Basi isafishwe tu, itundikwe ukutani. Maneno ya haki kabisa. Kisha akasafiri kwenda harusini, kazi akamwachia mwanagenzi.

Niliporudi, kile kitako cha mjozi kilikuwa kimegeuka mvule, kimechorwa mawaridi na minyororo kama mlango wa Unguja, na ami alipokiona aliuliza komeo limewekwa wapi. Mitutu ya Dameski nayo iling'aa nyeupe tupu, bila wimbi hata moja.

"Kutu ile, mzee wangu," akasema mwanagenzi, akinionyesha vidole vilivyochubuka kwa msasa, "ilikuwa imejipanga mistari. Sijapata kuona kutu yenye adabu kama ile."

Fundi aliporejea hakutaharuki. Alinieleza kwamba mawimbi hayakupotea, yamo ndani ya chuma chenyewe, na dawa yake ni kuitia mitutu kutu kwa makusudi, kidogo kidogo, na kuisugua kila mara mpaka rangi ikolee. Hivyo stakabadhi yangu ikawa na mistari miwili, wa kuondoa kutu na wa kurudisha kutu, na huo wa pili, akaongeza kwa upole, hulipwa kabla ya kazi.